Miezi tisa na minoxidil utosini: riviu ya mtu wa Tabata

Nianze na droni maana droni ndo ilinimaliza. Mwaka jana mwezi wa nane binamu yangu alioa, sherehe Ukonga, na kamati ikasema lazima iwepo droni kwa sababu siku hizi harusi bila droni watu wanasema mlikosa hela. Kabla ya kuingia ukumbini tulikuwa tumekaa nje pale bustanini tunasubiri maharusi, sisi wanakamati tumepiga suti zetu za bluu. Wiki iliyofuata video ikatupiwa kwenye grupu la wasap la familia. Naangalia, droni inapita juu yetu taratibu, naona kitu cha duara kinang'aa katikati ya watu, nikasema hawa wa chakula mbona waliacha mfuniko wa hotpoti juu ya kiti. Nikairudisha nyuma nikaisimamisha. Aisee ni mimi.

Mbele nilikuwa najua. Kiwalaza changu nakijua tangu nina miaka 28 na sasa nina 36, kila asubuhi tunakutana kwenye kioo tumeshazoeana. Utosini ndo sikuwa na taarifa, utosi wako wanauona wenzako tu na hakuna aliyeniambia, hata mama Naifa tunayelala kitanda kimoja, nilipomuuliza akanijibu "si nilidhani unajua baba Naifa."

Hicho kiwalaza nilikuwa nakificha kwa baraghashia. Ilianza Ijumaa tu, ikaja Ijumaa na Jumamosi, mwisho wiki nzima. Mimi nauza spea za magari mtaa wa Gerezani hapa Dar, washkaji wa pale wakaanza kuniita Ustaadhi, nikakaa kimya maana kukataa inabidi uivue. Siku moja mteja akaniletea mtoto wake anayeshtuka usingizini nimsomee. Nilimsomea Alhamdu na Kul-huwallah nikamwambia ampeleke na hospitali, lakini niliona haya kweli, kipara changu kimeshaanza kuniletea dhambi.

Kabla ya minoxidil, hii dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, nilipita pabaya mara mbili. Kwanza piko. Kinyozi wangu wa zamani kila nikinyoa ananipiga piko pale mbele, anachora mstari kama kaupima kwa rula, ukitoka hapo una miaka 22. Tatizo Dar hii. Siku nimesimama kwenye daladala ya Tabata Segerea jua la saa nane, jasho likaanza kushuka, dada aliyekaa mbele yangu akanipa tishu bila kusema kitu, najifuta naona nyeusi, na shati lilikuwa jeupe. Halafu niligundua huyu jamaa kila wiki anavyochonga ule mstari uwe umenyooka anakula nywele kidogo za kweli, yaani kiwalaza kinarudi nyuma chenyewe na yeye anakisindikiza.

Pili mafuta ya insta. Sitamtaja muuzaji. Elfu 65 chupa ndogo, picha za kabla na baada, "matokeo siku 14 uhakika", kibandiko kimeandikwa kwa printa ya nyumbani, hakuna mtengenezaji, hakuna tarehe ya kuisha muda. Ndani ni mnyonyo, habasoda, na kitunguu saumu kingi sana, nikipanda mwendokasi Kariakoo siti ya pembeni yangu inabaki wazi hata watu wamejaa. Nilipaka mwezi na nusu. Baadaye nikamkuta yule yule wa kwenye picha, kipara kile kile na kovu lake juu ya sikio, kwenye ukurasa wa muuzaji mwingine anatangaza sabuni. Nikamtumia meseji yule dada wa mafuta, akaniblock hapo hapo.

Haya sasa minoxidil. Nilienda famasi moja Kariakoo nikiwa na akili ya kununua na kuondoka, kumbe mfamasia ni mama mtu mzima hana haraka. Akaniuliza una presha? Moyo je? Kichwani pana vidonda au magamba? Zinanyonyoka viraka viraka au zinapungua tu? Nikamuuliza presha na nywele vinahusiana nini, ndo akanipa historia ambayo sikuwahi kuisikia, kwamba hii dawa ilizaliwa ni kidonge cha presha, Marekani waliiruhusu kwa presha 1979, wagonjwa wakaanza kuota nywele hadi usoni, basi kampuni yenyewe ya Upjohn ikaigeuza ya kupaka na 1988 ikaruhusiwa kama dawa ya kipara cha kiume. Kwa hiyo bado ni dawa inayochezea mishipa ya damu, sio losheni, ukiipaka na moyo ukaanza kwenda mbio au miguu ikavimba unaacha na kwenda hospitali. Akanikatalia kuniuzia siku ile. Akasema nikaonwe kwanza na daktari wa ngozi, maana kuna watu wanapaka minoxidil miezi kumbe wana fangasi wa kichwani, mashilingi yale yale ya utotoni. Mfanyabiashara wa Kariakoo anakataa hela yako, hilo tu nilimpa nyota zote.

Daktari nilimpata kliniki ya binafsi Upanga, elfu 50 kumuona, benchi masaa mawili, miadi ilikuwa saa nne nikaingia saa sita na hakuna aliyesema samahani. Ila yeye mwenyewe alijua kazi, alisomea ngozi KCMC Moshi. Akashika kilensi chenye taa akakiegemeza utosini, akaunganisha na simu nikaona kichwa changu kama shamba la mahindi lililopandwa mbegu mchanganyiko, unywele mmoja mnene pembeni yake mwembamba kama wa mtoto mchanga. Akasema huo mchanganyiko ndo unaomwambia ni kipara cha kurithi na sio ugonjwa. Homoni ya kiume testosteroni inageuzwa mwilini kuwa nyingine inaitwa DHT, na vinyweleo vya mbele na utosini kwa watu tuliorithi hivi vikikutana nayo vinasinyaa, kila unywele ukidondoka unaofuata unaota mwembamba zaidi mpaka inabaki malaika tu. Pembeni na kisogoni haviathiriki, ndo maana wazee wenye vipara wanabaki na ile kanda kama kiatu cha farasi. Madaktari wana kipimo chao cha kipara, alianza nacho mtafiti Hamilton akaja Norwood kukiboresha 1975, kinaanza 1 kinaishia 7. Mimi nipo 3 naelekea 4. Nilivyotajiwa namba nikaona kama matokeo ya mtihani wa Nekta.

Nikamuuliza ni kwa mama au kwa baba, maana mtaani tunaambiwa mtazame mjomba wako. Akasema kote kote, akaniuliza mzee wako yukoje. Mzee wangu namjua na kipara tangu nina akili.

Akaniwekea mezani mambo manne. Minoxidil ya kupaka. Kidonge cha finasteride, ambacho nacho kilianza kwa jambo lingine, tezi dume 1992, halafu 1997 kikaja kidogo cha miligramu 1 kwa ajili ya nywele. Kupandikiza nywele, ambako watu wanapanda ndege kwenda Uturuki, lakini ngozi yangu inatoa makovu ya kuvimba akaniambia nisiende kukatwakatwa kisogo kwa kuona tangazo. Na la nne ni kuacha kilivyo, na hilo alilisema kama yale mengine tu, halikuwa la kunituliza, akasema kipara hiki hakiumi wala hakiui na sio kila kitu kinachotibika lazima kitibiwe.

Finasteride niliikataa pale pale na sababu nitaisema wazi maana wengi mtajiuliza. Alinieleza kwamba kwenye majaribio ya dawa yenyewe waliopungukiwa hamu ya tendo walikuwa chini ya 2 katika kila 100, na waliopewa kidonge kisicho na dawa nao walilalamika hivyo hivyo karibu sawa, kwa hiyo usitishwe na stori za vijiweni. Lakini pia inaweza kupunguza manii, na mimi na mama Naifa tunatafuta wa pili. Halafu kidonge kikivunjika mjamzito hatakiwi hata kukishika. Nikapata picha akilini ya Naifa na udadisi wake na droo yangu. Hapana. Ukiwa huna mambo hayo mkae na daktari wako muamue, mimi siwasemei.

Basi nikarudi kwa mama wa famasi, minoxidil asilimia 5, chupa ya mililita 60, elfu 55. Ina kinyonyeo kama cha dawa ya matone ya mtoto, unavuta mil 1 asubuhi mil 1 usiku, kwa hiyo chupa ni mwezi kamili haibaki hata tone. Inapakwa kwenye ngozi sio kwenye nywele, unagawa nywele kwa vidole unadondosha unasambaza, unanawa mikono. Inanuka spiriti, ikikauka inaacha weupe kama mba, kwenye kichwa cheusi unaonekana toka Buguruni.

Kitu ambacho hakuna maelezo yoyote ya kwenye boksi yatakwambia ni hesabu ya swala. Inatakiwa ikae kama masaa manne kichwani bila maji, na sisi tunachukua udhu mara tano, kichwa kinapakwa maji kila mara. Wiki ya kwanza nilikuwa napaka saa mbili asubuhi dukani na saa kumi na mbili jioni, Adhuhuri sawa, ila ile ya jioni Magharibi inaifuta yote, elfu 55 inaenda na maji ya bomba la msikitini. Nikaja kupata ratiba: napaka baada ya Alfajiri na baada ya Isha. Imamu wetu nilimuuliza kuhusu ile spiriti akasema ni dawa ya kupaka sheikh wangu, paka. Na cha ajabu ni kwamba mimi Ustaadhi feki kwa ajili ya dawa ya kipara ndo nikaanza kuikamata Alfajiri kwa wakati wake, miezi tisa sijaikosa.

Wiki ya tatu ilikuwa mbaya sana. Nywele zinadondoka kwa wingi kuliko kabla, foronya asubuhi kama kuna mtu kanyolewa pale, nikioga zinaziba tundu la bafu. Nikamfuata mama wa famasi nimekasirika, akacheka, akasema si nilikwambia? Kweli aliniambia ila nilikuwa sisikilizi, nilikuwa naangalia bei. Dawa inazisukuma zile kongwe zidondoke ili mpya zianze, inakaa wiki kadhaa halafu inatulia. Hapo ndo nadhani watu wengi wanaacha na kwenda kutukana kwamba dawa imewamaliza. Mimi ilitulia wiki ya saba.

Halafu Disemba mpaka Machi, joto la Dar mnalijua. Jasho likishuka linashuka na dawa. Machoni inawasha hatari. Vinyweleo vikaniota juu ya nyusi pale jasho linapopita, mama Naifa akawa ananing'oa kwa kibanio Jumapili jioni tukiangalia tamthilia. Kichwa kiliwasha pia, kuna kemikali humo inaitwa propilini glaikoli ndo inawasha baadhi ya watu, aina ya povu haina hiyo ila famasi yangu hawakuwa nayo.

Na paka. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Tuna paka wa nyumbani wa Naifa anaitwa Simba, anapenda sana kulala kwenye mto wangu. Mwezi wa pili wa kupaka nikawa nasoma soma nikakuta kwamba minoxidil ni sumu kwa paka, kiasi kidogo tu cha kulamba kwenye mto au mkono kinaweza kumuua. Usiku ule ule nilifua foronya zote, paka akahamishiwa varandani analia mlangoni, mtoto analia ndani, mimi nimekaa kitandani kichwa kinanuka spiriti nawaza hivi ni nywele kweli au nimerogwa. Toka siku hiyo chumba hakiingii paka.

Mwezi wa sita wa kupaka nilifanya ujanja wa kijinga, duka jingine sio la yule mama wakaniambia elfu 38, boksi lile lile. Nimefika nyumbani naona jina la dawa limekosewa herufi, sili haipo, na haina harufu kabisa. Siku tatu kichwa kikatoka vipele. Nimerudi wakasema wao hawarudishi hela za dawa iliyofunguliwa. Nikajifunza kwa hela yangu: angalia sili, angalia namba ya toleo na tarehe, dai risiti, na ukishtukia kitu TMDA, wale wa mamlaka ya dawa, wanapokea taarifa.

Sasa matokeo, maana ndo mmekuja kwa hilo. Kila tarehe 1 nilikuwa napigwa picha ya utosi bafuni, taa ile ile, mama Naifa amesimama juu ya ndoo. Mwezi wa kwanza hadi wa tatu hakuna kitu. Wa nne vikaanza vimalaika, ukishika unavisikia ila huvioni. Wa sita utosi ulikuwa umefunga, sio kufunga kabisa, lakini ile duara ya hotpoti ikawa sahani ya kahawa. Wa nane ni kama wa sita. Mbele, kwenye kiwalaza, sifuri. Daktari alinionya kwamba utosini ndo inafanya kazi vizuri kuliko mbele na ndivyo ilivyokuwa. Hukumu ya mama Naifa: "nyuma pamejaa, mbele ni kule kule." Kwa hiyo droni sasa isingeniona, ila kioo bado kinaniona. Dawa inafanya kazi, sitamsikiliza mtu anayesema ni utapeli, lakini inafanya kazi pale nisipopaona.

Na ukiacha, ndani ya miezi mitatu minne zile ulizozipata zinaondoka zote unarudi pale ambapo ungekuwa. Hii ndo sehemu ya kukaa chini na karatasi kabla hujanunua chupa ya kwanza. Mimi nilinunua halisi 10 na ile feki, jumla 588,000, bila ya daktari, na hapo nina miaka 36, nikitaka niwe nazo mpaka 60 sio dawa tena hiyo ni mke wa pili anadai matumizi yake kila tarehe.

Mwezi wa sita mwaka huu mzee aliumwa, nikaenda Tanga wiki tatu, chupa nikaisahau Tabata. Wa kwanza kuona ni yeye. Tumekaa barazani, kichwa chake kinang'aa kama kawaida, ananitazama napapasa utosi. "Una nini wewe?" Nikamwambia yote, droni, dawa, elfu 55, paka. Akacheka mpaka akakohoa nikaogopa. Akasema, "Minazi yangu ya Pangani nimewagawia hamtaki hata kwenda kuiona. Kipara ndo urithi pekee uliouchukua, na wenyewe unaupeleka hospitali."

Nimerudi Dar sikuifungua tena. Wiki ya pili nikaenda saluni moja Sinza, kinyozi mpya, kijana mdogo anaongea taratibu. Nikamwambia shusha zote. Hakuuliza mara mbili ila aliuliza jambo ambalo yule wa piko hakuwahi kuuliza miaka minne, "kaka, kisogoni huwa unatoka vipele?" Ninatoka. Basi akaniambia wembe hapana, akatumia mashine tu, hakuikandamiza, kabla yake akaipuliza spiriti mbele ya macho yangu na kuibadilisha kisu. Buku tano, dakika ishirini, na dada wa kuosha akanikanda kichwa na taulo la moto nikakaribia kulala. Mpaka sasa miezi mitatu naenda kila Jumamosi, sijatoka kipele hata kimoja. Hilo daktari alinisisitizia, sisi wenye nywele za kujikunja ukinyoa wembe kisogo unywele unarudi ndani ya ngozi na yale manundu yakishakomaa kuyatoa ni kazi kweli. Lawama yangu kwao ni moja, muziki wao ni juu sana na feni ni moja tu na inamwangalia keshia.

Siku ya kwanza niliyoenda Gerezani bila baraghashia jamaa wa duka la pili alisema Ustaadhi umesilimu upya? Wakacheka nusu saa, mtu mmoja akaniambia nisivuke kwenda Msumbiji, maana kule 2017 polisi walitoa tahadhari watu walikuwa wanaua wenye vipara wakiamini ndani kuna dhahabu. Mchana biashara ikaendelea. Naifa ndo alichukua muda, alikuwa anakigusa na kidole kimoja kama anapima pasi.

Maksi zangu: minoxidil 6 kwa 10, ningeipa 7 ingekuwa inagusa mbele. Mafuta ya kitunguu saumu 0. Daktari 8, benchi lake 2. Mama wa famasi 10. Kijana wa Sinza 9, hiyo moja ni ya feni.

Chupa moja ya elfu 55 ninayo haijafunguliwa, sili ipo, risiti ipo, haijapigwa jua. Mwenye cheti cha daktari na presha yake iko sawa aje Tabata atanipa elfu 40. Wa paka asije.